Jini, Ndimu na Kipimo: Tom Collins ya Nyumbani

Wiki hii tunaweka lugha za programu kando kidogo, tuingie jikoni. Lakini kabla hatujafungua chupa, tuelewane kuhusu jina. Kwa Kiswahili neno jini lina maana mbili: yule kiumbe wa hadithi anayefungiwa kwenye chupa, na kile kinywaji kikali chenye harufu kama ya msonobari ambacho Waingereza hukiita gin. Leo nazungumzia cha pili, ingawa wote wawili wana tabia moja. Ukifungua chupa bila kujua kilichomo, shauri yako.

Kokteli yenyewe inaitwa Tom Collins. Ina vitu vinne na barafu, haihitaji vifaa vya baa, na jioni ya joto inakata kiu kuliko vinywaji vingi ninavyovijua. Lakini sababu kubwa ya kuiandikia ni nyingine: ukiitengeneza kwa utaratibu, unajua kila kitu kilichomo ndani ya glasi, kwa mililita na kwa gramu. Kwangu hilo ndilo jambo lenyewe, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Ilani ya kawaida: haya ni ya watu wazima wanaokunywa pombe kwa hiari yao. Kama hunywi, usifunge ukurasa. Kuna toleo lako huko chini, na si la kutupwa.

TOM COLLINS NI NANI?

Hakuwahi kuwepo, angalau si yule aliyevumishwa. Mwaka 1874 huko Marekani, hasa New York, kulienea mzaha mmoja. Mtu anakutana nawe na kukuuliza, "Umemwona Tom Collins?" Unasema humjui. Anakwambia, "Basi yuko baa ya kona ile, anakusema vibaya mbele ya watu." Unapandwa na hasira, unakimbia baa, unauliza yuko wapi huyo Collins. Walio ndani wanaojua mchezo wanakuelekeza baa nyingine, na huko nako wanakusukuma mbele. Magazeti nayo yakajiunga na mzaha, yakaandika kana kwamba Collins ameonekana hapa na pale. Kwa maneno mengine, Wamarekani walikuwa na "forwarded many times" miaka mia moja na thelathini kabla ya WhatsApp.

Mwaka 1876 kitabu cha mapishi ya vinywaji cha Jerry Thomas, mhudumu wa baa aliyekuwa maarufu sana, kilitolewa upya kikiwa na kinywaji chenye jina hilo. Wengine hudai jina lilitoka kwa Collins mwingine, John, wa London, na ubishi huo haujaisha. Mapishi yenyewe hayajabadilika sana: jini, maji ya ndimu, sukari, maji ya soda. Msimbo uliodumu karibu miaka 150 bila kuandikwa upya unastahili heshima.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Jini mililita 50. Soma lebo uone asilimia ya alkoholi. Nyingi ziko kati ya 37.5 na 43. Hesabu zangu hapa chini zinatumia 40.

2. Maji ya ndimu mbichi mililita 25. Limau kubwa pia linafaa. Ya chupa hapana, ladha yake imeshakufa.

3. Shira mililita 25. Ndiyo, shira, ile ya kaimati, ila nyepesi: sukari gramu 100 na maji ya moto gramu 100, koroga hadi sukari iyeyuke, basi. Ikipoa weka kwenye friji, kwenye chupa safi. Inakaa wiki mbili bila shida.

4. Maji ya soda mililita 100, yaani yale yenye gesi yasiyo na sukari wala ladha.

5. Barafu nyingi. Narudia, nyingi. Na itengenezwe kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutibiwa, maana kuganda hakuui vijidudu vyote.

Neno moja kuhusu jini. Ladha yake kuu inatoka kwenye matunda madogo ya mti wa jamii ya mreteni. Mwenzake wa huku kwetu unaumea kwenye nyanda za juu: ni ule mti ambao wengi tunauita seda, wa nguzo za ua, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa. Wataalamu wanauita Juniperus procera, na ndiyo aina pekee ya mreteni inayoota yenyewe kusini mwa ikweta. Kuna jini inayotengenezwa Nairobi kwa matunda yake, inaitwa Procera. Bei yake lakini ni ya zawadi ya harusi. Kwa Tom Collins jini ya kawaida inatosha kabisa, kwa sababu ndimu na soda ndizo zinazotawala.

KIPIMO KABLA YA LADHA

Ukitafuta mapishi ya kokteli mtandaoni utakuta "aunsi mbili", "toti moja", "sehemu mbili kwa moja", na yule anayesema "mimina tu kwa jicho". Sisi waandishi wa programu tumeumwa na nyoka huyu zamani. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na ya upande wa pili ikazisoma kama nyutoni. Chombo kizima kikaenda kwa sababu hakuna aliyeuliza, "Namba hii ni ya kipimo gani?"

Aunsi ya maji ya Marekani ni mililita 29.6, ya Uingereza ni 28.4. Toti inategemea kikombe cha baa husika. Ndimu moja inaweza kutoa mililita 15 au hata 30, kwa hiyo "ndimu moja" si kipimo. Jicho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu saa mbili usiku halioni sawa na saa nne. Hapa tutatumia mililita, na uwiano ni rahisi kukumbuka: jini 2, ndimu 1, shira 1, soda 4.

Vifaa vya kupimia unavyo tayari. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto kina mistari ya mililita. Sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano inapatikana duka lolote la dawa kwa bei ya chini. Nunua mpya, uitenge kwa kazi ya jikoni tu. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha mezani ni 15. Kama una mizani ya jikoni, kumbuka jini ni nyepesi kuliko maji: mililita 50 za asilimia 40 zina uzito wa gramu 47 hivi.

HATUA

1. Weka jini, soda, shira na glasi kwenye friji saa mbili kabla. Usiruke hatua hii. Sababu iko kwenye hesabu inayofuata.

2. Bingirisha ndimu juu ya meza huku umeikandamiza kwa kiganja, kisha kata na ukamue. Chuja mbegu. Pima mililita 25.

3. Chukua glasi ndefu ya mililita 350 hivi. Mimina jini, ndimu na shira. Koroga hadi visitengane.

4. Jaza barafu hadi juu.

5. Mimina soda taratibu kwa kuinamisha glasi, kama unavyomimina bia. Pitisha kijiko mara moja tu kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga sana gesi inatoka yote.

6. Chukua kipande cha ganda la ndimu, kikunje juu ya glasi upande wa rangi ukitazama kinywaji, kisha kitumbukize. Utaona vitone vidogo vya mafuta juu. Mafuta hayo, hasa limonini, hayapendi kuyeyuka kwenye maji lakini kwenye alkoholi yanayeyuka vizuri. Nusu ya kinachoitwa ladha ni pua.

HESABU YA BARAFU

Watu wengi hubania barafu wakidhani inazimua kinywaji. Tufanye hesabu, ya makadirio. Vinywaji vyetu vyote pamoja ni mililita 200. Tuchukulie vinabeba joto kama maji, na tusahau joto la glasi na la hewa. Kupoza gramu 200 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa jouli 836. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza jouli 334.

Kama vitu vyako vimetoka kabatini vikiwa nyuzi 24, kuvifikisha sifuri kunahitaji kuondoa jouli elfu 20 hivi, yaani kuyeyusha gramu 60 za barafu. Kama vimetoka kwenye friji vikiwa nyuzi 5, ni jouli 4,180, yaani gramu 13 tu za barafu. Tofauti ni karibu mara tano, na gharama yake ni kukumbuka friji mapema.

Sasa, kipande kimoja cha barafu ya trei ya kawaida kina gramu 15 hadi 20. Mwenye vipande vitatu na vinywaji vya kabatini, barafu yake inaisha yote au karibu yote katika kupoza tu, na baada ya muda anabaki na maji vuguvugu yenye kumbukumbu ya ndimu. Mwenye glasi iliyojaa barafu anapoteza kiasi kile kile cha mwanzo, lakini inayobaki inaendelea kulinda ubaridi. Tena maji yaliyo karibu na kuganda yanashika gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo hata mapovu yanadumu. Stima ikipotea mchana kutwa na friza ikalia machozi, ahirisha. Kunywa chai.

KUTAFUTA HITILAFU

Kanuni ni ile ile ya kazini: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha onja.

Chachu mno? Ongeza shira mililita 5, sio soda. Soda inapunguza kila kitu kwa pamoja na haisawazishi chochote.

Tamu mno? Ongeza ndimu mililita 5. Jua pia kwamba shira mililita 25 ina gramu 15 za sukari, takriban vijiko vinne vidogo. Mimi nimeshashuka hadi mililita 20 na sijarudi.

Haina uhai? Mara nyingi ni soda iliyofunguliwa jana, au ulisahau ganda la ndimu.

Haina "nguvu"? Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana jibu la kawaida ni kuongeza jini. Twende pole pole.

GLASI MOJA NI BIA NGAPI?

Mililita 50 za jini ya asilimia 40 zina mililita 20 za alkoholi tupu. Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa maneno mengine, hiyo glasi yako inayofanana na maji ya ndimu, inayonywewa kwa mrija kwa dakika kumi, ni bia nzima. Kwa uzito ni gramu 16 hivi za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kutegemea mwili, kwa hiyo glasi moja ni kazi ya saa mbili hivi. Kahawa haiharakishi, wala kuoga maji baridi.

Yule wa "kwa jicho" humimina mililita 80 bila kujua. Hiyo ni zaidi ya bia moja na nusu. Glasi tatu za namna hiyo ni karibu bia tano, na yeye kwa hesabu yake amekunywa "glasi tatu tu za ndimu". Hapo hajadanganya mtu. Hakuwa na namba, basi.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya. Sisemi haya ili kukuharibia jioni. Nasema kwa sababu mwenye namba anaweza kuamua, na asiye nayo anaamuliwa. Nyumbani kwangu kikomo ni glasi mbili, na funguo za gari za wageni zinakaa kwenye bakuli juu ya friji.

KILICHOMO NDANI YA CHUPA

Mpaka hapa nimechukulia kwamba ndani ya chupa ya jini kuna jini. Kwetu Kenya hilo si la kuchukuliwa hivi hivi.

Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku chache katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Wengine wengi walilazwa, na baadhi yao wakapoteza macho. Mmoja wa hao waliopoteza macho ni mjomba wangu, kaka yake mama. Wakati huo nilikuwa sekondari. Alikunywa glasi mbili, na chupa ilikuwa na lebo kama chupa nyingine. Alilala, akaamka kesho yake akidhani bado ni usiku.

Methanoli ni ndugu wa karibu wa ethanoli, ile alkoholi ya kawaida ya vinywaji. Harufu na ladha zake zinakaribiana mno, na kwenye mchanganyiko hutaweza kuzitofautisha. Kinachoua ni kile ini linachoigeuza kuwa: kwanza fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho. Kiasi cha vijiko viwili vidogo kinaweza kupofusha. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, ndiyo maana watu hulala wakiwa wazima. Ukiona mtu aliyekunywa analalamika ukungu machoni, tumbo, kichwa kikali, au anahema haraka haraka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri "alale kwanza". Matibabu yapo, na saa chache zina maana kubwa.

Hakuna jaribio la jikoni la kutegemewa. Kuonja hakusaidii, kunusa hakusaidii, na lile la kuwasha kijiko kwa kiberiti na kutazama rangi ya moto halitegemeki. Watu bado wanakufa. Februari 2024 kijiji cha Kangai huko Kirinyaga kilizika zaidi ya watu 10 kwa pombe ya sumu.

Wala tusidhani ni laana yetu sisi. London ya karne ya 18 ilikuwa na jini ya vichochoroni iliyochanganywa na tapentaini na mengineyo. Bunge lilitunga sheria mwaka 1736, ikashindwa, likatunga nyingine mwaka 1751, mwaka ule ule mchoraji William Hogarth alipochora mtaa uliooza kwa jini. Jirani zetu Uganda wana waragi, jina ambalo kwa maelezo ya kawaida limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Popote pombe kali inapokuwa ghali kwa maskini, atatokea wa kumuuzia kitu kinachofanana nayo.

Mjomba yu hai, anafuga kuku, na simu yake inamsomea kila kitu kwa sauti. Ana kasi ya ajabu, mimi hata siielewi sauti hiyo inasema nini. Akija Nairobi hukaa kwangu. Mwaka jana alikuwa amekaa mezani nikiwatengenezea wageni, akasikia chupa zikigongana.

"Mpwa, unaweka nini humo?"

"Jini mililita hamsini, mjomba. Ndimu ishirini na tano, shira ishirini, halafu soda."

Akanyamaza kidogo. "Na hiyo jini, umejuaje kwamba ni jini?"

Nikamweleza kuhusu stempu na simu, na duka niliponunua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tuliuliza bei tu," akasema, kisha akaomba yake isiyo na jini.

Nilichomweleza ni hiki. KRA ilianza mwaka 2013 mfumo wa stempu za ushuru zinazofuatiliwa kwa kompyuta, unaoitwa EGMS, na baadaye ikatoa programu ya simu iitwayo Soma Label. Unaelekeza kamera kwenye stempu, programu inauliza mfumo, unapata taarifa zilizosajiliwa kwa stempu hiyo. Linganisha na chupa uliyoshika: jina ni lile lile?

Kwa anayejua usalama wa kompyuta hii ni hadithi ya kawaida. Stempu ya kutazama kwa macho ni picha tu, na picha inanakiliwa. Nguvu iko kwenye kuuliza upande wa pili, kama vile cheti cha tovuti hakina maana kama kivinjari hakijakihakiki. Lakini mfumo nao una mpaka wake. Stempu halisi inazungumzia bidhaa iliyosajiliwa, haionji kilichomo. Chupa halisi inaweza kujazwa upya. Kwa hiyo:

- Nunua duka lenye leseni, na uchukue risiti.
- Hakiki stempu kwa simu ukiwa bado dukani.
- Kagua kizibo: pete ya usalama isiwe imevunjwa, na kimiminika kisiwe na takataka wala kisipungue kwa namna ya ajabu.
- Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine yote, jiulize nani amelipa tofauti.
- Chupa ikiisha, kwaruza lebo na stempu kabla ya kuitupa, ili mtu asiijaze na kuiuza.

Hilo la mwisho ni dakika moja ya kazi, na huenda likaokoa macho ya mtu usiyemjua.

TOLEO LISILO NA JINI

Hili ni la mjomba, la wasomaji wangu wa Pwani ambao dini imewakataza, la mwenye mimba, la dereva, na la yeyote asiyetaka. Usibandue jini tu ukabaki na pengo. Ponda iliki mbili na uzichemshe ndani ya shira, kisha chuja. Weka vipande vitatu vya tango na majani sita ya nanaa chini ya glasi, vibonyeze kwa kijiko. Ndimu mililita 30, shira hiyo ya iliki mililita 25, barafu hadi juu, soda mililita 150. Kunja ganda la ndimu juu kama kawaida. Mjomba husema hii ndiyo ya kwanza kuisha, na kwa idadi ya glasi ninazoosha, ana haki.

TOLEO FUPI LA KUNAKILI

Jini 50. Ndimu 25. Shira 20 hadi 25. Soda 100. Barafu glasi nzima. Vyote vitoke kwenye friji. Koroga mara moja, ganda la ndimu juu. Glasi moja ni bia moja.

Mapishi haya ni huria kama programu huria: tumia, chunguza, badilisha, sambaza kwa marafiki. Sharti ni moja tu. Ukibadilisha namba, andika namba mpya, ili atakayekunywa baada yako ajue anakunywa nini.